Mlima Usimeze Treni

Katikati ya miaka ya 1950 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kiliunda vichwa 34 vya treni vya mvuke kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, vikapewa majina ya milima ya huku kwetu. Namba 5931 kiliitwa Milima ya Uluguru. Namba 5926 kiliitwa Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote ndani ya Uluguru. Vyote viwili vilitumika Kenya, na Morogoro, mji ulio chini ya milima hiyo, havikuiona hata siku moja, maana kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250 na reli ya kati isingeubeba. Leo kati ya hivyo 34 vimebaki viwili tu, katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi: Gelai na Shengena, na milima hiyo yote miwili iko Tanzania. Ukitafakari utaona kichekesho chake. Milima yetu ilisafiri kwa jina hadi ng'ambo ya mpaka, ikapigwa picha na wapenzi wa mvuke kutoka pande zote za dunia, ilhali vichwa vya dizeli ambavyo kweli vimepita chini ya Uluguru tangu miaka ya 1970, masika na kiangazi, usiku na mchana, havina jina hata kimoja. Vina namba. Na chenye namba tupu hakiombolezwi. Siku kikizima moja kwa moja kinasukumwa pembeni, nyasi zinaota katikati ya magurudumu, halafu anakuja mnunuzi wa chuma chakavu na mitungi yake ya gesi.

Hoja yangu ni kwamba vichwa hivi vinastahili kupigwa picha sasa, vingali kazini, na vinastahili picha ya namna nyingine kabisa na ile tuliyozoea kuipiga Morogoro. Ugumu wa Morogoro kwa mpiga picha ni uzuri wake. Mlima umesimama kusini mwa mji kama ukuta. Kilele cha Lupanga peke yake kina zaidi ya mita 2,100, na mji uko chini yake kwenye mita 500 hivi. Mtu akisimama kando ya reli akiwa na kamera, mguu wenyewe unamrudisha nyuma: anataka kilele kiingie chote, kisha wingu lililokaa juu yake, kisha mteremko wa kijani, na treni anaiacha ipite chini kabisa ya picha kama siafu. Picha inatoka nzuri. Inaning'inizwa sebuleni, inawekwa kwenye kalenda, inasifiwa. Nimepiga nyingi za aina hiyo, na kila ninapozirudia baada ya miaka nakuta hazinijibu swali lolote. Kichwa gani hicho? Kilivuta nini, mabehewa ya mafuta au ya saruji? Kilikuwa kinapanda kwenda Kilosa au kinashuka pwani? Mlima haukubadilika kati ya picha ya kwanza na ya mwisho, kwa hiyo hata mwaka siwezi kuusoma. Nilidhani nahifadhi treni, kumbe nilikuwa napiga picha ya Lupanga ileile mara mia.

Hata elimu ya mwanga, ambayo ndiyo ya kwanza mpiga picha wa hapa hujifunza, mara nyingi huwa ni utumishi kwa mlima. Morogoro iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Kuanzia siku za mwanzo za Machi hadi kama Oktoba 10, jua la mchana hupita kaskazini mwa utosi. Anayeutazama mlima kutoka upande wa reli analipa jua mgongo, na uso wote wa Uluguru unawaka. Miezi iliyobaki jua huhamia kusini, likakaa upande uleule wa mlima, na milima ikageuka kivuli kimoja kizito. Halafu kuna hewa. Kufikia Septemba moshi wa nyasi na mashamba yanayochomwa unakuwa umetanda, na mlima unafifia kama umechorwa kwa majivu. Ndiyo maana wiki za mwisho wa Mei na za Juni zina sifa: masika yameosha hewa, jua liko nyuma yako, na asubuhi kabla mawingu hayajajikusanya vileleni unaweza kuhesabu mikunjo ya mabonde. Haya yote ni kweli na yanafaa kujulikana. Ila nimekuja kuona kwamba jua hilohilo la kaskazini lina kazi nyingine bora. Linaingia chini ya tumbo la kichwa cha treni, mahali ambapo kwa miezi mingine kuna giza tupu, na kuonyesha springi, mabomba ya mchanga mbele ya magurudumu, grisi iliyovuja, chuma kilichong'arishwa na msuguano na chuma kilicholiwa na kutu. Dizeli inafanya kazi yake huko chini, na picha nyingi hukatia juu ya hapo.

Sisemi mlima uondolewe. Ungekuwa ujinga, kwa sababu mlima ndio uliochagua reli ipite wapi. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilizunguka mguu wa Uluguru kabla ya kuwapo taruma hata moja; Simbamwene, mji wa mtawala Kisabengo, ulisimama hapa kwa sababu ya njia hiyo na maji yanayoshuka milimani, na msafiri Stanley aliupita mwaka 1871. Wajerumani walipoanza kutandika reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 walifuata ukingo uleule: Ruvu, Ngerengere, Kingolwira, na kufikia mwisho wa 1907 treni ilikuwa Morogoro. Baadaye reli ikavuka mbuga ya Mkata, ikaingia bonde la Mkondoa kule Kilosa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Barabara kuu imezunguka mguu huohuo. Reli ya kisasa nayo haikupata njia nyingine. Kwa hiyo picha inayomweka dereva, mteremko wa reli na ubavu wa mlima mahali pamoja inasema jambo la kweli kuhusu jiografia ya nchi hii: kwamba kwa karne nzima na ushee hakuna aliyekwenda bara kwa njia hii bila kuuomba Uluguru ruhusa. Mlima kwenye picha hiyo ni sababu, na mtazamaji anaiona sababu hiyo kwa sababu treni ni kubwa vya kutosha kuonekana ikipinda. Tofauti na picha ya kalenda ni hatua kama hamsini tu, ila ni hatua za kwenda mbele.

Ukishasogea, cha kwanza unachojifunza kusoma ni namba. Tarakimu mbili za mwanzo ni daraja, zinazofuata ni nafasi ya kichwa ndani ya daraja hilo. Vya 88 viliundwa Montreal, Kanada, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, kila kimoja kikiwa na nguvu za farasi 2,000. Vya 73 vilitoka Varanasi, India, katikati ya muongo huohuo, ni vidogo zaidi, lakini injini zao ni ndugu wa tumbo moja na zile za Montreal: zote zimetokana na michoro ya ALCO, kampuni ya Schenectady katika jimbo la New York. Ndiyo maana mtu anayesimama kando ya reli Morogoro akafumba macho husikia ngurumo ya aina moja, nzito, ya kusitasita kidogo wakati injini imesimama, kama mzee anayekoroma usingizi mwepesi. Na ndiyo maana moshi wao unafanana. Wapiga picha wa treni duniani kote wanaupenda moshi wa ALCO. Dereva anapofungua mafuta ili kuondoa mzigo, nguzo nyeusi inatoka juu ya paa, inapanda wima, kisha upepo wa mlimani unailaza. Mtu yeyote mwenye kamera atabonyeza hapo.

Lakini muulize fundi moshi ule ni nini. Kichwa cha aina hii hakizungushi magurudumu kwa injini moja kwa moja. Injini ya dizeli inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota za umeme zilizofungwa kwenye ekseli. Dereva akiongeza mafuta, dizeli inafika kwenye silinda papo hapo, lakini hewa inasukumwa na tabo (turbo), nayo tabo inazungushwa na moshi wa injini yenyewe, hivyo inachelewa kushika kasi. Katika sekunde hizo mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa na yasiyoungua yanatoka kama masizi. Kwa injini nzima ni wingu la muda mfupi, kisha moshi unapauka. Ukiendelea kuwa mweusi treni ikiwa imeshachanganya mwendo, fundi anaanza kuhesabu: nozeli chafu, filta ya hewa imeziba, tabo imechoka. Yaani picha tunayoisifu kuliko zote, ile yenye nguzo nyeusi ndefu kuliko zote, huenda ni picha ya kichwa kinachoumwa. Hili lilinibadilisha zaidi ya somo lolote la lenzi. Tangu nilielewe, natafuta pia picha ya pili, ya dakika mbili baadaye, wakati moshi umekuwa mwembamba na kinachobaki juu ya paa ni joto tu. Joto hilo halionekani kwa rangi. Linaonekana kwa kile kilicho nyuma yake. Ubavu wa Lupanga unatetemeka kama unaonekana kupitia maji yanayochemka, huku pande mbili za picha mlima umetulia tuli. Picha mbili hizo zikikaa pamoja, fundi anaweza kukuambia hali ya injini. Ikibaki ya kwanza peke yake, inakuambia tu kwamba mpiga picha alifurahi.

Morogoro ina haki ya pekee katika habari hii, na si kwa sababu ya mandhari. Karakana kuu ya vichwa vya dizeli iko hapa, ilijengwa kwa msaada wa Kanada, nchi ileile vilikotoka vya 88. Kuna vichwa vya Montreal vilivyovuliwa ndani ya karakana hii hadi vikabaki mifupa, vikajengwa upya, vikatoka na namba zinazoanza na 89. Hapo wapenzi wa vitu vya kale hunung'unika. Wanasema hicho si cha asili tena, injini si ileile, nyaya si zilezile, hata uso umebadilishwa. Thamani yake kama kitu cha kale imekwisha, pigeni picha kile ambacho hakijaguswa. Naielewa hoja yao, ila naona inatoka kwenye mazingira ambayo kichwa cha treni kikistaafu kinapelekwa makumbusho na kupigwa polishi Jumapili. Nyumba ya udongo hukandikwa upya kila baada ya mvua, fito zilizoliwa na mchwa zinabadilishwa, makuti yanaezuliwa na kuezekwa mengine, na hakuna jirani anayeuliza kama bado ni nyumba ya mzee fulani. Ni yake kwa sababu inakandikwa. Kichwa ambacho hakijaguswa tangu Montreal, katika nchi hii, maana yake ni kichwa kilichokufa mapema. Kwa hiyo alama za kuguswa ndizo ninazozitafuta: bamba lililochomelewa juu ya bamba, bolti mpya kati ya bolti saba za zamani, mlango wa pembeni ambao rangi yake haifanani na ya mwenziwe kwa sababu umetolewa kwenye kichwa kingine.

Na rangi yenyewe ni kitabu cha historia kwa anayesogea karibu. Kichwa cha 88 kilichokuja mapema kilianza kazi chini ya shirika la reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 likazaliwa Shirika la Reli Tanzania (TRC). Mwaka 2007 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni iliyokuwa na hisa 51 kati ya 100 za RITES ya India, na jina likawa Tanzania Railways Limited (TRL). Ndoa hiyo haikufika hata miaka mitano, na sheria ya 2017 ikarudisha shirika na herufi zake za TRC. Mashine moja, mabwana wanne, na kila bwana alikuja na mkebe wake wa rangi. Pale rangi inapobanduka, kwenye kona ya ngazi ambapo buti za madereva zimekanyaga, au kuzunguka kitasa cha mlango, tabaka zinaonekana moja chini ya nyingine kama mapete ya mti uliokatwa. Hakuna hotuba ya bungeni inayoeleza kuvunjika kwa Jumuiya na kubinafsishwa kwa mashirika ya umma kwa ufupi kama kona ile ya ngazi. Ukiipiga ukiwa hatua hamsini nyuma, ni doa.

Pingamizi zito zaidi nililowahi kukutana nalo ni kwamba huu ni mchezo wa wageni. Kupenda treni kuukuu, wanasema, ni ugonjwa wa Waingereza waliostaafu. Mwafrika anayeililia reli ya zamani anamlilia mkoloni. Sehemu ya hoja hii ina ukweli kuhusu mvuke. Majina yale ya milima yaliwekwa na ofisi ya kikoloni, na picha nyingi za reli yetu ya mwanzo zilipigwa na watu kama Walther Dobbertin, Mjerumani aliyefanya kazi ya picha Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na leo zimo katika hifadhi ya kumbukumbu ya taifa lake. Lakini dizeli inalikwepa shitaka hili karibu lote. Vya 88 na vya 73 vilinunuliwa baada ya Uhuru. Waliovipokea bandarini, waliovijifunza kutoka kwenye vitabu vya maelekezo vya Kiingereza, walioviendesha usiku kuvuka Mkata na walioviweka hai vipuri vilipokosekana kwa sababu nchi haikuwa na fedha za kigeni, ni watu wa hapa. Kama kuna sura ya historia ya reli ambayo ni yetu bila ubishi, ni hiyo. Ajabu ni kwamba ndiyo yenye picha chache. Za mkoloni zimewekwa kwenye masanduku yasiyoingia unyevu, kila moja na namba yake ya kumbukumbu. Za fundi wa miaka ya 1980 ziko kwenye albamu ambayo mende wamekula gundi yake. Na Dobbertin, kwa yote yanayoweza kusemwa juu ya jicho lake na nani alikuwa mtumwa wa jicho hilo, alikuwa na tabia moja ya kuigwa: picha alizitunza, nazo zikatunzwa, pamoja na maelezo.

Wa pili wanaopinga wanatazama mbele. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Safari ya karibu kilomita 200 iliyokuwa ikila nusu siku sasa inakwisha kabla hujamaliza gazeti. Mchongoko, kama watu wanavyoiita treni hiyo ya umeme, haungurumi, hautoi moshi (hata neno garimoshi limeanza kuonekana la ajabu mdomoni), nao unapita kwa mwendo ambao kamera ya simu inaupata kama mstari. Kwa nini basi kuganda kwenye dizeli chakavu ya reli ya upana wa mita moja? Kwanza niseme sina ugomvi na SGR, yaani reli hiyo ya kisasa. Anayeililia treni ya saa sita huku mwenyewe akikata tiketi ya mchongoko ni mnafiki. Pili, uchakavu si uzuri. Tarehe 24 Juni 2002, kule Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko bila breki kuishika, ikagonga treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Mpiga picha anayeremba kutu na kuiita haiba anapaswa kuikumbuka tarehe hiyo kabla hajabonyeza. Mafuriko yaliyong'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mataruma yakabaki yakining'inia hewani kama ngazi ya kamba, nayo si mandhari.

Lakini kwa sababu hizohizo picha inahitajika. Nchi inayojenga kipya inajua ilichoacha kwa kadiri tu ilivyokiandika. Chukua dirisha. Behewa la reli ya zamani lina dirisha linalofunguka, na juu ya dirisha hilo umejengwa uchumi mzima: treni ikisimama Morogoro, mabeseni ya ndizi na machungwa yaliyoshuka kutoka vijiji vya Uluguru yanainuliwa juu ya vichwa, mkono wa abiria unashuka, mkono wa muuzaji unapanda, noti na chenji vinapishana hewani, na biashara inakwenda kwa kasi ya ajabu kwa sababu kila mtu anasikiliza honi. Mama anayeuza anajua dizeli ikibadili mlio maana yake ni nini. Analegeza bei kabla ya honi ya pili. Mchongoko una kiyoyozi na vioo visivyofunguka, na stesheni yake imejengwa kwa namna ambayo beseni halina pa kuingilia. Huenda ni sawa, usafi na usalama vina haki yao. Ila hakuna ripoti ya mradi itakayoandika kwamba ngurumo ya ALCO ilikuwa saa ya muuzaji ndizi. Picha ya mkono ule dirishani, na nyuma yake ubavu wa kichwa wenye namba inayosomeka, inaandika vyote viwili kwa pamoja. Na picha hiyo haiwezi kupigwa baada ya kazi kwisha. Makumbusho yanaweza kutunza chuma. Muuzaji na abiria hawawekwi juu ya jukwaa la saruji.

Kuna suala la ruhusa, na hapa nakiri hoja ya upande wa pili ina uzito kuliko wapiga picha wengi wanavyopenda kukubali. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inatoa uwezo wa kutangaza mahali kuwa eneo linalolindwa na kuzuia upigaji picha humo, na vizazi viwili vimekua vikijua kwamba stesheni, daraja na kambi havipigwi picha. Sheria ile ilizaliwa nchi ikiwa na vita jirani na ikiwahifadhi wapigania uhuru wa kusini. Haikutungwa kwa ajili ya kumkera mtu mwenye kamera. Leo shirika lenyewe linasambaza picha za treni zake, na kila abiria ana kamera mfukoni, hivyo ukali wa zamani umebaki zaidi kama mazoea ya mlinzi mmoja mmoja. Hata hivyo nimeona ni heri kuomba kuliko kubishana. Anayeomba anaulizwa anataka nini, na akilazimika kueleza kwamba anataka namba, bolti na tabaka za rangi, mara nyingi anayemsikiliza anageuka mwalimu: anamwonyesha kichwa kipi kimetoka matengenezo makubwa, kipi ni msumbufu, kipi madereva wanakipenda kwa kuwa hakitelezi mvua ikinyesha. Anayejificha kwenye vichaka hupata mlima na siafu wake. Kuomba ruhusa kunahusu pia watu walio kwenye picha. Fundi aliyechafuka grisi hadi kwenye kiwiko hana deni la kumpamba mtu yeyote. Aulizwe, na akikataa, aachwe na bisibisi na spana zake.

Limebaki jambo ambalo halina mvuto wowote, nalo ni uandishi. Simu inaweka tarehe ndani ya picha, kweli, lakini picha ikitumwa mara tatu kwa marafiki tarehe hiyo hupotea njiani, simu yenyewe inaibwa kituo cha daladala, na kadi ya kumbukumbu inakufa bila kuaga. Picha iliyosafishwa kwenye karatasi na kuandikwa nyuma kwa penseli imeishi miaka mia na zaidi, hilo limeshathibitishwa. Penseli, kwa sababu wino unavuja kwenye unyevu wa masika. Namba ya kichwa kwanza. Kisha mahali, na kwa mahali namaanisha Kingolwira au Mkata, maana "Morogoro" ni mkoa mzima. Kisha tarehe, mwelekeo, na mzigo: matanki mangapi, makontena mangapi, au mabehewa ya abiria na madirisha yake wazi. Kama moshi ulikuwa mweusi, andika ulikuwa mweusi kwa muda gani. Nafasi ikibaki mwishoni mwa karatasi, unaweza kuongeza kwamba siku hiyo Lupanga ulikuwa hauna wingu.